Pedi za Breki Zimeisha Mapema: Kusoma Dalili na Kumkabili Aliyekuuzia Gari, Mombasa

Gari letu lilikuwa na kilomita 11,400 tu tulipoanza kusikia kama msumari unakwaruza bati kila tulipokaribia kusimama. Tulilinunua jipya, kwa hiyo tulirudi kwa waliotuuzia. Kijana wa mapokezi alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mzee wangu, pedi ni kitu cha kuisha. Waranti haizigusi." Tukalipa, tukafungiwa pedi mpya, na zile za zamani tukaziacha kwenye pipa la karakana.

Miezi 8 baadaye sauti ikarudi, gurudumu lilelile la mbele kushoto. Safari hii nililipeleka kwanza kwa fundi wangu wa Majengo. Alifungua gurudumu, akatoa pedi mbili na kuzilaza juu ya gazeti. Ya nje ilikuwa bado na nyama, yaani ile sehemu inayosugua diski, ya milimita 7. Ya ndani ilikuwa imelika mshazari: upande mmoja milimita 2, upande wa pili chuma kitupu. Pini ya chini ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, haikutoka mpaka alipoizungusha kwa praya, na ilipotoka ilikuwa na kutu ya rangi ya tofali. Kifuko chake cha mpira kilikuwa na mpasuko mdogo kama punje ya mchele. Akaniambia: "Hakuna dereva anayeweza kukanyaga pedi ya ndani akaiacha ya nje."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonisaidia. Swali la kumpelekea muuzaji si kwamba pedi zimeisha. Zimeishaje? Pedi kuukuu inaeleza yaliyotokea, na ukiitupa umemtupa shahidi wako.

Simama kwanza: dalili zisizongoja

Ukiona mojawapo ya haya, usiendeshe hata hadi gereji ya jirani. Ita fundi aje ulipo, au gari libebwe.

- Pedali inazama hadi chini, au inashuka polepole ukiendelea kuikanyaga.
- Taa nyekundu ya breki imewaka na hendibreki imeshushwa.
- Kuna majimaji ndani ya gurudumu au chini ya gari karibu na gurudumu.
- Moshi au harufu kali ya kuungua inatoka kwenye gurudumu moja.
- Chuma kinasaga chuma kila ukikanyaga.

Madai ya waranti yatasubiri. Piga picha, andika saa na mahali, uliache gari hapo.

Kabla ya kwenda popote, pima

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pedi mpya za gari dogo huwa na nyama ya milimita 10 hadi 12, bila kuhesabu bamba la chuma. Zikifika milimita 3 ni wakati wa kubadilisha. Magari mengi yana kijichuma kinachoanza kupiga filimbi nyama ikikaribia milimita 2. Kwa hiyo una takriban milimita 8 za kutumia.

Sasa piga hesabu. Pedi zikidumu kilomita 40,000, zinalika kama milimita 0.2 kwa kila kilomita 1,000. Ikiwa zako zimetoka 11 hadi 3 kwa kilomita 10,000, zinalika 0.8, mara 4 ya hapo. Nambari hiyo ina nguvu mezani kuliko "zimeisha haraka sana".

Pima pedi zote, ya ndani na ya nje, za kila gurudumu. Piga picha ikiwa rula imewekwa kando ya pedi, kisha picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita. Na popote unapofungiwa mpya, sema kabla kazi haijaanza: "Naomba za zamani mnirudishie." Andika "kushoto ndani", "kushoto nje" kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya kila bamba, kwa sababu zikishachanganyika kwenye mfuko hazina maana tena.

Dalili ya 1: Pedi moja imeisha, mwenzake kwenye gurudumu lilelile bado nzima

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi hapa Pwani, na ndilo lenye hoja nzito zaidi dhidi ya muuzaji.

Sababu ya kwanza ni pini za kalipa. Kalipa ya kawaida ina pistoni upande mmoja tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili ili kuivuta pedi ya nje. Pini zikigoma, kazi haigawanyiki. Pini moja ikigoma, pedi inalika mshazari kama yangu. Zote mbili zikigoma, mara nyingi kalipa hairudi nyuma na pedi ya nje inaendelea kusugua hata ukiinua mguu. Hewa yetu ya chumvi inaharakisha jambo hili: kifuko kikipasuka kidogo tu, unyevu unaingia na pini inashika kutu.

Sababu ya pili ni grisi. Mafundi wengi hupaka grisi ya bearingi kwa sababu ndiyo iliyo mkononi. Grisi ya mafuta ya petroli inavimbisha mipira ya breki, na pini iliyokuwa ikiteleza inabanwa. Inayotakiwa ni grisi ya silikoni, au ile iliyotajwa na mtengenezaji wa gari. Kama karakana ya muuzaji ndiyo iliyofungua breki mara ya mwisho, waulize walipaka nini, na jibu ulitie kwenye barua.

Ya tatu ni pistoni isiyorudi, na dalili yake ni pedi ya ndani kulika zaidi, kwa usawa, bila mshazari. Ya nne, mara chache zaidi, ni pedi kubana kwenye reli zake kwa sababu ya kutu au rangi.

Ukaguzi rahisi: baada ya safari ya dakika 20 bila kukanyaga breki sana, simama mahali salama na upitishe kiganja karibu na kila rimu bila kugusa diski. Gurudumu linalotoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili ndilo lenye matatizo. Mwenye kipimajoto cha miale apime diski na aandike nambari.

Ukaguzi wa ndani: gari likiwa juu ya stendi madhubuti, kamwe si juu ya jeki peke yake, toa gurudumu na usukume kalipa kwa mikono miwili huku na huku. Inatakiwa isogee kidogo bila kukwama. Tiba ya pini ni kusafisha, kubadilisha vifuko na kupaka grisi sahihi. Ni kazi ndogo. Pistoni ikigoma, mwachie fundi wa breki. Usipulize vumbi la pedi kwa kompresa wala mdomo. Pedi nyingine, hasa za kale au zisizojulikana zimetoka wapi, zina asbesto. Lowesha, futa.

Gari likiwa na hendibreki ya umeme, ya kuvuta kwa kitufe, usijaribu kurudisha pistoni ya nyuma kwa klampu. Mpaka iwekwe kwenye hali ya matengenezo kwa kompyuta, utaivunja. Haibridi nazo, magari ya injini na mota ya umeme, mfumo wake wa breki hauguswi na mtu asiye na kifaa chake. Halafu kumbuka: haibridi hupunguza mwendo kwa mota, kwa hiyo pedi zake hudumu zaidi ya kawaida. Zikiisha mapema, shuku pini kabla ya kumshuku dereva.

Dalili ya 2: Pedi zote mbili za gurudumu moja zimeisha, gurudumu la upande wa pili zima

Watu wengi hukimbilia kubadilisha kalipa ya upande ulioisha. Ngoja kwanza. Kuna uwezekano upande *mwingine* umekufa, na huu unaisha kwa sababu unafanya kazi ya wawili. Gari likivutwa kushoto ukikanyaga, na pedi za kushoto ndizo zimeisha, kagua kalipa ya kulia.

Isipokuwa hivyo, sababu ya kawaida ni pistoni iliyoganda. Inayofuata ni mpira wa breki uliooza kwa ndani: unapitisha mafuta ukikanyaga lakini hauyarudishi ukiachia, na nje unaonekana mzima kabisa. Fundi anaweza kuupima kwa kufungua nati ya kutolea hewa wakati gurudumu limebana. Likiachia papo hapo, kuna shinikizo lililonaswa. Sasa aangalie kama limenaswa kwenye mpira wa gurudumu hilo au limetoka mbali zaidi. Usifanye hivi mwenyewe kama hujui kutoa hewa kwenye breki, kwa maana hewa ikiingia pedali itazama.

Dalili ya 3: Zote zimeisha sawasawa, kushoto na kulia, ndani na nje

Mgala muue na haki mpe. Hapa mara nyingi muuzaji ana hoja, nasi tuikubali.

Jiulize kwanza unaendeshaje na wapi. Foleni ya feri Likoni, gari la otomatiki likiwa kwenye D, mguu unashika na kuachia breki nusu saa. Kongowea jioni, vilevile. Kuna wanaoendesha otomatiki kwa miguu miwili, wa kushoto ukiwa umepumzika juu ya pedali bila wao kujua. Mwambie mtu akufuate nyuma akuangalilie taa za breki. Mwenye kwenda Taita na kuteremka kutoka Wundanyi kwa breki tupu, bila kushusha gia, anakula pedi za miezi kadhaa kwa siku moja. Mizigo nayo ina hesabu yake.

Baada ya hapo, shuku pedi zenyewe. Ziko laini kwa asili, na ziko feki zilizo kwenye boksi zuri. Ikiwa hizi ndizo za pili, nani alizifunga na risiti inasema nini?

La mwisho na la nadra, lakini ndilo linalostahili kufukuziwa kwenye gari jipya: shinikizo halitoki kwenye mfumo mzima. Pedali haina uchezaji wowote, gari linakuwa zito kadiri unavyokwenda, magurudumu yote yana joto. Hapo ni masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga, au urekebishaji wa fimbo yake. Hii si kazi ya barazani. Ikithibitika kwenye gari ambalo halijawahi kufunguliwa, ni kasoro ya utengenezaji na muuzaji hana pa kukwepea.

Dalili ya 4: Za nyuma zimeisha kabla ya za mbele

Kwa gari la zamani ningesema hendibreki haishuki sawasawa: kebo imeshika kutu, na ndiyo ya kukagua kwanza. Kwa magari ya miaka hii, kompyuta hugawa nguvu ya breki na kutumia za nyuma zaidi ili gari lisiiname, na mfumo wa kuzuia kuteleza unazigusa bila wewe kujua. Kwa hiyo baadhi ya magari humaliza za nyuma kwanza na si ugonjwa. Linganisha kushoto na kulia. Zikilingana, huna kesi.

Dalili ya 5: Usukani unatetemeka, au diski zina makovu ya kutu

Diski mara chache hupinda. Kinachotokea ni unene wake kutofautiana, na mara nyingi chanzo ni nati za gurudumu zilizokazwa kwa bunduki ya hewa bila kipimo. Omba zikazwe kwa spana ya kipimo.

Kuhusu kutu: gari likilala siku tatu karibu na bahari, diski itakuwa na kutu ya juu juu. Kanyaga mara chache, itaondoka. Si kasoro. Lakini gari lililosimama miezi uani likipigwa na upepo wa bahari kabla ya kuuzwa hushika kutu inayochimba, na diski yenye mashimo inakula pedi mpya kama msasa. Ukiona mashimo au umbo la pedi limechorwa kwenye diski ya gari ulilonunua karibuni, uliza kwa maandishi gari liliingia lini na lilikaa wapi. Sijui kwa nini watu hawaulizi swali hili, katika mji ambao magari hushuka melini na kupangwa uani mbele ya macho yetu.

Kwenye diski kuna unene wa chini kabisa uliochongwa na mtengenezaji. Karakana ikipendekeza kuichonga, waulize itabaki na milimita ngapi, na wakuandikie.

Dalili ya 6: Muuzaji anasema "breki haimo kwenye waranti"

Soma kitabu chako cha waranti mwenyewe, ukurasa wa vitu vya kuisha. Kwa kawaida kinataja pedi, lakini kalipa, pini, mipira na masta silinda si pedi. Kwa hiyo usidai pedi. Dai kalipa iliyogoma, na pedi zije kama hasara iliyosababishwa na kalipa. Mimi mara ya kwanza nilidai pedi, nikapewa jibu la pedi.

Nilirudi na pedi zangu mbili kwenye mfuko, picha sita zilizochapishwa, na barua ya ukurasa mmoja. Nilizilaza kaunta. Yule kijana alizitazama, akainua ile ya mshazari, akaipeleka ndani bila kusema neno. Dakika kumi baadaye meneja wa huduma alitoka akiwa ameishika. "Hii imetoka kwenye gari lako, mzee?" Nikamwonyesha picha ikiwa bado garini, na nambari ya usajili ikionekana. Walibadilisha pini, vifuko na pedi bila malipo. Diski iliyokwaruzwa tukagawana gharama nusu kwa nusu.

Barua iwe na nambari ya usajili na ya chasisi, tarehe ya kununua, kilomita, vipimo vya pedi zote, unachotaka, na siku 14 za kujibu. Mpelekee meneja wa huduma, nakala kwa makao makuu ya kampuni inayowakilisha chapa hiyo nchini. Nakala yako waigonge mhuri wa kupokea. Wakikataa, sema kwa upole: "Naomba uniandikie sababu." Jibu la mdomo hubadilika kila siku. La maandishi, mtu hulifikiria kabla ya kutia sahihi.

Dalili ya 7: "Ulifanya servisi kwingine"

Leta risiti zote. Kisha uliza kazi ipi ya kwingine ndiyo iliyoharibu breki, na kivipi. Kubadilisha oili ya injini Changamwe hakushikishi pini kutu. Lakini ikiwa fundi wako alifungua kalipa, hoja yao ina uzito, na heri ukubali kabla hawajaigundua wenyewe. Ndiyo maana, gari likiwa ndani ya waranti, fundi wa nje atazame, apime na apige picha, asirekebishe.

Dalili ya 8: Gari ni la yadi, lililotumika, na mkataba unasema "kama lilivyo"

Magari yaliyotumika huruhusiwa kuingia Kenya yakiwa hayajapita miaka 8, na breki zake zinaweza kuwa za umri huohuo. Pedi zilizobakia milimita 4 siku ya kununua hazijaisha mapema; zilikuja hivyo. Pima kabla ya kulipa, na andika vipimo kwenye mkataba. Dai kuona karatasi ya mnada ya Japani, ulinganishe kilomita zake na za dashibodi.

Hata hivyo maneno "kama lilivyo" hayafuti kila kitu. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na hairuhusu mkataba ufute masharti ya ubora yaliyomo kisheria. Kalipa iliyoganda siku ya tatu ni jambo la kusimamia.

Dalili ya 9: Siku 14 zimepita, kimya, au "njoo kesho"

Tafuta ripoti ya mtu asiye na upande. AA Kenya, chama cha wenye magari, hukagua magari, na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ina kituo cha ukaguzi Miritini. Kipimo cha nguvu ya breki kushoto na kulia kinaonyesha tofauti kwa nambari, na muuzaji hawezi kuibishia kirahisi.

Kisha andikia Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayopokea malalamiko ya watumiaji. Kama unadai pesa, Mombasa ina Mahakama ya Madai Madogo: inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Wakili aingie kama kulitokea ajali au mtu aliumia. Hapo usitengeneze chochote wala kukubali gari liguswe kabla halijakaguliwa, kwa maana sehemu ikishatolewa ushahidi umekwenda nayo.

Wakishakutengenezea

Kabla ya kutia sahihi, soma kadi ya kazi. Iseme "pini za kalipa ya mbele kushoto zimebadilishwa", isiseme "breki zimekaguliwa". Uliza pia kama mafuta ya breki yalibadilishwa. Yanavuta unyevu, na kwa hewa ya hapa miaka 2 ni mingi. Pima pedi mpya siku hiyohiyo, uandike kwenye daftari la gari, kisha pima tena baada ya kilomita 5,000. Tofauti kati ya ya ndani na ya nje ikizidi milimita 1, rudi na daftari wiki hiyohiyo.